Maua ya Nyumba ya Kupanga

Gloriose, ambaye mtaa mzima wa Kilibula ulimwita Mama Chance, hakuwahi kupanda hata mboga ya lengalenga. Alipofiwa na mumewe, ndipo alipopanda mmea wa maua unaotambaa, kando ya ukuta wa nyumba aliyopanga. Alifunika mizizi kwa mawe isichomwe na jua, akafunga matawi kwa vipande vya kitenge. Mwaka wa kwanza mmea haukuchanua, majirani wakamcheka. Wa pili, ukuta mzima ukawa zambarau.

Mwenye nyumba, Papa Michée, akaja kutazama.

“Mama Chance, nyumba sasa iko muzuri. Kijana wangu anaoa, ataingia humu.”

“Na minye niende wapi, Papa?”

“Utafute.”

Siku ya kuhama aliazima panga, akaukata mmea chini kabisa. Alidhani moyo utatulia. Haukutulia.