Kuku Aliyepigiwa Makofi

Chenesai alikuwa na ugomvi wa kudumu na watu wanaochinja kuku eti kwa sababu ameugua. Ukipita mbele ya nyumba yake umemshika kuku miguu juu, kichwa chini, ukasema tu kwamba huyu anakohoa, basi leo nyama, alikupokonya papo hapo. "Na wewe ulivyokohoa kipupwe chote, tulikula nyama?" Kisha kuku huyo aliingizwa jikoni kwake, na baada ya siku kadhaa ungemwona anaparura majivu kama mwenye nyumba.

Kule kwao Buhera wanawake wa ukoo wake huitwa Chihera, na wana sifa ya kutoambilika. Mumewe alipofariki, watu wazima walimshauri ahamie kwa kaka yake. Akawajibu kwamba kuku wake hawaijui njia ya huko, na mjadala ukaisha.

Katika kuku hao mkubwa wao alikuwa jike la madoadoa, jina lake Muchaneta, yaani mtachoka. Jina hilo lilikuwa salamu kwa majirani waliokuwa wakimsema Chenesai kwa kuishi bila mume. Mwaka ulipoingia ugonjwa wa mdondo na kufagia kuku wa kijiji kizima, Muchaneta ndiye pekee aliyebaki uani, na wote waliokuwepo sasa walikuwa watoto na wajukuu zake. Siku moja mbuzi wa jirani alikuja kugombania pumba, akamkanyaga, mguu ukavunjika.

Chenesai alikaa chini, akampakata, akamfunika kichwa kwa kitambaa, maana kuku akiona giza hutulia. Akaunyoosha mguu polepole huku akimsemesha, akauweka katikati ya vijiti vya bua la mtama, akaufunga kwa utepe wa nguo kuukuu. Hakukaza sana. Kila alipopita alivigusa vidole vya kuku: vikiwa na joto alishukuru, vikipoa alifungua akafunga upya. Maji ya kunywa aliyatia kipande cha mshubiri. Akamlaza kwenye kikapu chenye nyasi kando ya moto, akamfunika mpaka kifuani.

"Mwenzangu, huo ni mchuzi," alisema jirani yake, Mai Gwatidzo, mlangoni.

"Mchuzi ni mbuzi wako. Mwambie aje aombe radhi."

"Mbuzi aombe radhi?"

"Basi njoo wewe kwa niaba yake, na usije mikono mitupu."

Mai Gwatidzo alicheka mpaka akashika mlango, lakini jioni alileta mtama.

Wiki hiyohiyo Marwei, dada mkubwa wa marehemu mume wa Chenesai, alituma salamu kwamba anakuja. Shangazi wa ukoo hapikiwi mboga za majani. Anachinjiwa kuku, na kabla ya kuchinjwa, kuku huletwa mbele yake akiwa hai, mwenyeji hupiga magoti na kusema, "Kitoweo chenu ndicho hiki." Mgeni akishapiga makofi ya shukrani, kuku ni wake. Kumbadilisha baada ya hapo ni kumpokonya tonge mdomoni. Na Marwei alikuwa na ulimi! Tangu harusi hakumkubali Ruramai, mkaza mwana wa Chenesai aliyeishi naye pale. Alisema msichana yule hajafundwa, na alikuwa akisubiri kisa kimoja tu amrudishe kwao.

Siku ya ugeni Chenesai alikamata jogoo mnono, akamfunga nyuma ya ghala, akaenda bustanini kukata mshubiri. Ruramai alikuwa amerejea asubuhi ile kutoka kumuuguza mama yake, habari za mbuzi hajazisikia. Shangazi alipofika na kuketi upenuni, msichana aliingia jikoni akamkuta kuku kikapuni, amefunikwa vizuri. Kwao, kuku aliyefungiwa ndani siku ya mgeni ana maana moja. Akambeba na kitambaa chake, akaenda kupiga magoti.

Chenesai alitokea na jani la mshubiri mkononi wakati makofi yanalia.

Ilitosha aseme kwamba mtoto amekosea. Muchaneta angerudi kikapuni, na Ruramai angebaki na aibu ambayo Marwei angeitembeza kwa kila ndugu. Chenesai alimtazama kuku, akamtazama msichana, ambaye alikuwa anatabasamu kwa kuona kwamba leo amefanya jambo sawasawa. Akapiga magoti kando yake.

"Karibu, wifi. Kitoweo chenu ndicho hicho."

Akampokea kuku, akachukua kisu, akazunguka nyuma ya nyumba. Huko akakaa juu ya jiwe, kuku mapajani, kisu chini, na mwanamke yule ambaye hata msibani alikuwa akigawa kazi akalia.

"Chihera!" Marwei alikuja akikokota kandambili zake. "Maji yamechemka, kuku haonekani. Unamchinja au unamposa?"

Kisha akaona. Kitambaa kilikuwa kimeanguka, vijiti viko wazi.

"Makubwa! Tangu lini kitoweo kikafungwa bendeji? Nani aliyemleta huyu?"

"Mimi."

"Usinifanye mtoto. Wewe ulikuwa bustanini, nimekuona unakuja."

"Jiko ni langu, wifi. Kilichotoka humo nimekitoa mimi."

Marwei akasogea karibu. Akainama, akavigusa vidole vya kuku.

"Vina joto," alisema.

"Vina joto."

"Nimepiga makofi, sikupiga?"

"Umepiga."

"Basi ni wangu, na changu sitaki kichinjwe kikiwa kigonjwa. Mtibu. Siku akija kwangu kwa miguu yake, nitamla."

Nyuma ya ghala jogoo akawika. Marwei akageuka. "Na yule?"

"Yule hajapigiwa makofi."

Marwei akakunja viganja vyake, akamwelekea jogoo, akampigia makofi ya heshima zote. Walimla mchana ule kwa ugali wa sadza. Ruramai aliambiwa tu kwamba shangazi amemtaka jogoo, akasifiwa mchuzi.

Mavuno yalipofika Muchaneta alikuwa anatembea, akichechemea kidogo. Ikawa kila Marwei anapokuja, Ruramai anambeba, anapiga magoti, anasema kitoweo chenu ndicho hiki. Shangazi anapiga makofi, anambonyeza kifua, anasema bado hajanona, mrudishe. Kuku akazeeka hivyohivyo, ni mali ya Marwei, analishwa na Chenesai.

Ni Marwei mwenyewe aliyeropoka kisa kile cha nyuma ya nyumba siku moja, akicheka, akidhani msichana anakijua. Ruramai aliacha chungu motoni, akaenda uani. Chenesai alikuwa anafunga bawa la kuku wa Mai Gwatidzo.

"Mama, mbona siku ile hukusema? Ningesemwa tu, na yangepita."

Chenesai hakuinua uso.

"Kuku akivunjika namfunga vijiti. Wewe ungevunjika, ningekufunga kwa kitu gani?"

Ruramai akakaa chini kando yake, akamfunika kuku macho kwa kiganja.