Bati Lenye Jina Langu

Mvua ikianza kugonga bati, mimi huhisi chumvi mdomoni. Mume wangu hunicheka, lakini nyinyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Chokocho, na chuo chetu cha Kurani kilikuwa cha makuti yaliyochoka. Tone moja lilinichagua mimi. Maalim Nuru akinihamisha ili msahafu usilowe, nalo linanifuata. Ndipo Maalim akabuni jambo: watoto tuogelee kutoka pwani hadi fungu la mchanga, na kila mmoja atafute jamaa wa kumwahidi bati. Atakayefika bila kukanyaga chini, bati lake litaezekwa, na jina lake litaandikwa upande wa ndani kwa rangi.

Mimi niliahidiwa na mjomba Hamad wa Jadida, mvuvi wa zamani, mtu mkavu asiyejua mzaha.

"Bati ntatoa mie," alisema mbele ya watu, "lakini weye ukitia mguu chini, naezekea banda la mbuzi."

Nilijua atafanya kweli.

Siku ilipofika, maji yalikuwa yamejaa tele. Lakini kwetu shughuli haianzi bila dua, na dua haiji bila hotuba, na wazee watatu walikuwa na la kusema. Walipomaliza, maji yalishaanza kutoka zamani.

Tukajitosa, mjomba akinifuata kwa mtumbwi. Dera lilinivimba mgongoni. Juu maji yalikuwa na joto la jua, chini ubaridi ulinipitia tumboni, nami nikasahau bati, chuo na mjomba mwenyewe. Raha ile sijaipata nchi kavu mpaka leo.

Halafu mikono ikachoka. Wenzangu walishafika, naskia wanashangilia. Mjomba alikuwa amegeuka, anatazama mikoko. Nikashusha mguu, kujaribu tu, nikaikuta ardhi. Nikasimama, nikavuta pumzi mbili, na kitu kikanichoma kisiginoni. Nilimeza kilio nikaogelea hadi mwisho.

Pale funguni mjomba aliniona nachechemea. Akanikalisha, akanishika mguu: mwiba mweusi wa baharini. Akachukua papai bichi mtumbwini, akalikwaruza, akanipaka utomvu, akauchokoa mwiba kwa pini, taratibu kuliko nilivyodhani mikono ile inaweza.

"Umekuchoma wapi huu?"

"Nilikuwa naogelea tu, mjomba."

Akautupa mwiba majini. Kisha akapaza sauti kila mtu asikie: "Jamani, tahadharini! Miiba ya mwaka huu inaelea!"

Bati nikapata. Miaka mingi nilitamba moyoni kwamba nimemdanganya mjomba Hamad, mtu ambaye hata wachuuzi wa Wete walishindwa kumdanganya. Nilikuwa tayari na watoto wangu ndipo nikatulia nikafikiri. Mnyama mwenye mwiba ule hukaa chini kwenye mawe, haelei hata siku moja, na hakuna mvuvi asiyelijua hilo. Na lile papai mjomba alilitia mtumbwini asubuhi, kabla mimi sijalowa hata unyayo. Nililia siku hiyo, maana alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na sikuwahi kumshukuru.

Bati langu bado lipo, lina kutu, jina linasomeka kwa shida. Siku hizi watoto wanaogelea kutafuta madawati ya skuli, na mtumbwini nakaa mimi. Sitoki bila papai bichi. Na mtoto akichoka, akaanza kuutafuta mchanga kwa kidole cha mguu, mimi hugeuka upande wa pili nikatazama mikoko.