Asubuhi Mjukuu Wangu Alipoifungua Foklifti

Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika nilichokiona tu.

Ilikuwa katika stoo ya kahawa pale Bwera, mpakani. Mimi nauza chai mlangoni, na mjukuu wangu msichana alikuwa na wiki moja tu tangu apewe kazi ya kuendesha foklifti, mashini ya kuinulia magunia. Asubuhi hiyo ikakataa kuwaka, na lori bado nusu tupu. Mwenye stoo, mtu wa Butembo, akamwambia mbele ya wapagazi wote:

"Weye ulisema unajua mashini. Kama haiwake mbele ya saa sita, unarudi kwenu Maliba kwa jembe yako."

"Patron, ita fundi ya kweli kule Kasese," mpagazi mmoja akasema. "Huyu mutoto mwanamuke atafungua, kufunga atashindwa!"

Wakacheka. Mtoto akapanda kwenye foklifti. Akazungusha ufunguo, akasikiliza. "Stata inazunguka, betri iko sawa. Hii ina njaa ya dizeli."

Akalegeza nati ya mrija wa dizeli kwenye injini. Halikutoka hata tone. Akaufuata mrija kurudi nyuma mpaka kwenye filta, akaifungua. Ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya machungwa. Akaunusa.

"Mawese. Imeingia kwa dizeli, baridi ya mlima ikaigandisha."

Jana yake wapagazi walitafuta dumu la kubebea dizeli, nikawaazima langu la mawese. Nililisuuza kwa maji ya baridi, nikasema limetakata. Kwetu huku dumu ni dumu, leo mawese, kesho pombe ya tonto, keshokutwa dizeli.

Nikasema kwa sauti, wasije wakamtupia mtoto lawama: "Dumu ni yangu. Mwenye makosa ni mimi."

"Bibi, utatubu baadaye," mtoto akasema. "Kinga beseni hapa."

Nikapiga magoti, nikakinga. Akamwaga tangi lote, akasafisha mirija, akafunga filta mpya, akatia dizeli safi, akaipampu kwa kidole gumba mpaka mapovu yakaisha. Ufunguo tena. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka.

Patron akatazama saa yake. "Pakia," akasema. "Na kesho uje mapema."

Mtoto akavuta kijiti kidogo tu. Magunia kumi, aina ileile iliyovunja mgongo wa babu yake, yakapanda juu polepole, bila mtu kuguna. Nikabaki palepale chini, dizeli mpaka kwenye viwiko, mdomo wazi.