Simu ya Kuhakikisha

Kwa miezi miwili hivi, kazi yangu ilikuwa kubisha hodi. Kampuni moja ya Uingereza ya utafiti wa soko ilitaka kujua familia za Brussels zinaionaje chai fulani, nami nikawa nazunguka mitaa ya Auderghem, humo humo Brussels, na dodoso, nikisoma maswali neno kwa neno. Waingereza wanayapenda sana maoni ya watu, mradi yaenee kwenye visanduku vyao.

Kosa lisilosameheka lilikuwa kughushi, yaani kujikalia mkahawani na kujijazia majibu. Ndiyo maana ofisi ilikuwa ikipigia simu baadhi ya nyumba, kuuliza kama kweli mhoji alifika. Nilikuwa bado kwenye majaribio, na kazi ile niliihitaji kwelikweli.

Nyumba moja ilikuwa ya mama wa Bukavu, mtunza wazee, aliyeingia Ubelgiji kama mkimbizi. Alijibu yote kwa subira, kisha akanikalisha nile samaki. Nilitoka kwake nimeshiba na nimeridhika.

Wiki iliyofuata msimamizi alinipigia kutoka Uingereza, kwa adabu zote. Yule mama alikuwa ameulizwa kwa Kifaransa, akasema hakuna mtu aliyefika kwake. Wakamuuliza tena, akasema hivyo hivyo. Basi, nirudishe kitambulisho cha kazi.

Nilikasirika, sifichi. Samaki wake nimemla, halafu ananikana! Nikapanda tramu mpaka kwake.

Alinivuta ndani upesi, akafunga mlango.

"Usiogope, mutoto yangu. Kuko muntu alinipigia téléphone, anauliza kama ulikuya hapa. Nikamuambia jamais! Mi sijue muntu."

"Lakini kwa nini, Maman?"

Alinitazama kama anayeulizwa jambo la wazi.

"Kwetu, wakati ya vita, balikuwa banauliza vile vile: nani alikuya kwako? Kaka yangu alijibu ukweli. Bon, ule mugeni balimukamata kesho yake. Hatukumuona tena." Akanishika mkono. "Donc weye, habakukufanya kitu?"

Hasira iliniishia palepale, nikabaki na aibu. Nilimwambia hapana, Maman, hawakunifanya kitu. Akamshukuru Mungu kwa sauti, machozi yakimlengalenga, na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kazi sina tena.