Chungu Kipya cha Lazaro

Lazaro alimnyang'anya Tusajigwe upishi wake. Kumwachisha kazi lilikuwa jambo dogo, kazi zipo. Miaka minne mama huyu alipika samaki wa chungu katika mgahawa wa Lazaro, pale mchangani ziwani, mbasa mzima juu ya majani ya mgomba na ndizi mbichi, mpaka watu wakawa wanatoka Mbeya kumfuata. Kisha Lazaro akaoa, akamwambia apumzike, na ukutani akaandika kwa rangi nyekundu: CHUNGU CHA PRISCA. Wateja wakiuliza, husema mkewe alifundishwa na bibi yake. Bibi yake Prisca alikuwa anauza vitumbua Bondeni.

Jumapili moja, baada ya ibada, Tusajigwe akaja na jirani yake Rut, wakaketi meza ya mbele kabisa.

"Mama Lusungu!" Lazaro akashtuka kumwona Tusajigwe. "Umekuja kumsalimia Prisca?"

"Nimekuja kula, kaka. Au wenyeji hatuuziwi?"

"Mnauziwa, mnauziwa."

"Basi tuletee chungu. Na ukifika mezani uiname kidogo, mimi leo mteja."

Rut akaficha kicheko kwenye kitenge.

Wakangoja. Meza ya pili wageni wanne walikwishamaliza soda, nao wanangoja. Jikoni mkaa ulikuwa unalia chii, chii. Tusajigwe akaijua sauti ile, akanyoosha miguu vizuri.

Prisca akatoka, majivu mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, dada. Chungu kinatoka jasho, moto unazimika. Nimekinunua jana tu Ngonga, wala hakina ufa."

"Marahaba, mdogo wangu. Ulikichemshia uji?"

"Uji? Chungu?"

"Uji mwepesi wa unga wa mchele, kabla ya kitu kingine chochote, mpaka udongo ushibe. Chungu kipya kina njaa kuliko hawa wageni wako."

Wageni wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Kwani mama huyu ni nani?"

Tusajigwe akaacha kutabasamu. Swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani, si samaki. Akamtazama Lazaro. Lazaro akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Ni jirani yetu," akasema.

"Jirani wa kushinda jikoni miaka minne!" Rut akadakia.

Prisca akamtazama mumewe, kisha akawageukia wageni. "Ndiye mwenye upishi huu. Mimi nilimkuta. Bibi yangu hata samaki alikuwa hali, walikuwa wanamtoa vipele."

Tusajigwe akainuka, akajifunga kitenge kiunoni, akaingia jikoni na Prisca. Wakapika uji, chungu kikanywa, kikatulia. Saa kumi watu wakala, wakalamba vidole.

Lazaro mwenyewe akamletea kichwa cha mbasa, ameinama kweli.

"Ndaga, kaka," Tusajigwe akashukuru. "Kitamu. Lakini bado hujasema."

"Nitasema, Mama Lusungu. Siku watu wakiwa wengi."

"Leo unaona nafasi ngapi zimebaki?"

Lazaro akageuka kutazama. Hapakuwa na kiti hata kimoja kitupu. Akajikuna shingo, akacheka, akarudi kwenye soda zake.

Prisca hadaiwi kitu, Tusajigwe alimwambia Rut wakati wa kurudi nyumbani. Anayedaiwa ni Lazaro, tena maneno machache tu, ayatamke kwa kinywa chake mbele ya watu wanaokula: upishi huu ni wa Tusajigwe.