Nani Alimuua Sonara? Safari ya Bwera Kutafuta Jibu

Anayewajibika ni Hajji Swaleh, mfanyabiashara wa kahawa na mwenyekiti wa kamati ya tamasha la filamu za kale mjini Bwera. Namtaja mapema ili msomaji asimtuhumu dereva, mvua wala umeme. Siku hiyo vyote vitatu vilitimiza wajibu.

Nilipokuwa karani kijana, mimi na mchumba wangu tulitazama filamu ya uhalifu, ya zamani, isiyo na rangi. Jenereta ilizimika kabla muuaji wa sonara hajafichuliwa. Nilisema ni wakili; yeye alisema ni mjane wa sonara. Tulioana, tukalibishania jambo hilo miaka yote ya ndoa, na mwaka jana nikamzika bila suluhu. Tangazo la tamasha lilipofika Kasese, filamu ilikuwa ile ile.

Saa mbili asubuhi niliondoka kwa teksi. Kwenye njia panda ya Kikorongo tulipinda kulia, tukasimama kumpisha tembo aliyevuka barabara kwa mwendo wa faili la serikali.

"Mzee, Bwera unaenda kununua nini?" dereva aliuliza.

"Ushahidi," nilimjibu. Alitia gia.

Saa nane mchana nilikuwa ukumbini. Bati lilikuwa na matundu, hata mhalifu wa filamu alipojibanza kivulini, jua la Bwera lilimpata shingoni. Nilivumilia. Kando yangu alikaa Mama Kavira, mwuza vitenge wa Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, rozari mkononi.

Mfasiri Asumani alishika kipaza sauti. Kwetu filamu ya kigeni husimuliwa na mtu juu ya sauti za waigizaji. Desturi hiyo naijua na siipingi. Napinga alichofanya mwishoni. Mjane alifungua mkoba, akaweka bastola mezani, akawanyooshea askari mikono wamtie pingu, akasema jambo refu ambalo halikusikika, kwa maana Asumani alikuwa akipaza sauti: "Anabeba kosa ya mutu mwingine! Wakili ndiye aliua!"

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo.

"Nilisema miye, ule mama hana zambi!" alishangilia Mama Kavira. "Muzee, mbona hufurahi?"

Nilimfuata Asumani. "Bastola ilitoka mkobani mwa nani?"

"Afande mzee," alicheka, "watu imempenda huyu mama tangu mwanzo. Nikimfunga, kesho nani atarudi?"

Nilimweleza Hajji shauri langu lote. Alinishika bega. "Lakini wewe si ulitaka iwe wakili? Umeshinda, mzee wangu. Nenda nyumbani salama."

Alasiri nilirudi Kasese nikiwa mshindi kwa mara ya kwanza tangu nioe, wala hapakuwa na wa kumtambia. Nilijifunza kuwa hukumu inayokupendelea ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Kwa hiyo namtaka Hajji Swaleh, kwa maandishi na kwa saini yake, aonyeshe upya sehemu ya mwisho, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, kisha atangaze katika ukumbi ule ule maneno halisi ya mjane. Ikithibitika kuwa mke wangu alisema kweli, kumbukumbu zirekebishwe, nami nitasimama wakati jina lake likisomwa kwa ukamilifu: Biira Federesi.