Ukuta wa Darasa la Tatu

Wifi yangu ana maoni juu ya kila kitu, na sijawahi kumsikia mtu akimwomba. Mtaani wanamwita Mhariri. Ni dada wa mume wangu, amemzidi miaka minne, na kazi yake ni kuchapa barua na kutoa fotokopi katika chumba ambacho mimi na yeye tumekigawa kwa ubao mwembamba. Upande wa dirisha iko cherehani yangu. Upande wa mlango iko kompyuta yake, printa yake, na kiti cha plastiki cha wateja ambacho mguu mmoja umefungwa waya. Ubao ule hauzuii sauti. Kwa miaka tisa nimeshona huku nikisikiliza maoni yake, na hana swichi ya kuzimia.

Jina lake alilipata kwa halali. Ukimletea barua ya kuomba kazi, anaisoma yote, anavua miwani, anauliza, "Hapa umesema unazungumza lugha tatu. Ya tatu ni ipi?" Ukibabaika, anaifuta. Tangazo la msiba likisema marehemu alipendwa na wote, anataka kujua kama hao wote ni pamoja na wale ndugu aliogombana nao kwa ajili ya shamba. Wateja wananuna, lakini wanarudi, maana karatasi ikitoka mikononi mwake haina kosa.

Asubuhi huanza na gazeti, tena la jana, kwa sababu anasema la leo bado hawajapata nafasi ya kulikanusha. "Wifi, wameunda kamati," ananiambia kupitia ubaoni. "Ya kuchunguza nini?" "Kamati." Akimaliza siasa anahamia utamaduni. Kuna baba mmoja alikuja kunakili cheti, akajigamba kwamba mwanawe wa miaka mitano hajui hata neno moja la lugha ya bibi yake. Mhariri alimkabidhi nakala zake akamuuliza, "Sasa bibi akipiga kelele kwamba kuna nyoka, mtoto atakimbia kwa lugha gani?" Yule baba aliondoka akaisahau kalamu yake. Kuhusu shule ndiyo usimguse kabisa. Anasema siku hizi wanajenga geti kwanza, wanapaka rangi, wanaandika jina kwa herufi za dhahabu, halafu ndipo wanaulizana nani atafundisha hesabu.

Mimi nilikuwa namcheka tu. Nilijiambia, wifi ana mdomo usio na breki, na mimi nina sketi za kumaliza. Maoni ni kitu kizuri ukiwa huna mtoto ndani yake.

Mwaka huu mtoto wangu akaingia ndani yake. Shule ya mtaa wetu iko hatua mia mbili kutoka dukani, na darasa la tatu lina ufa. Unaanzia juu ya dirisha la nyuma, unashuka kwa mshazari mpaka sakafuni, na pale katikati umepanuka kiasi kwamba mtoto anapitisha kiganja na kumpungia mwenzake aliye nje. Binti yangu wa mwisho alipoanza darasa hilo alipangwa safu ya ukutani. Wiki ya pili alirudi na vumbi begani. Nilimuuliza alikuwa anacheza wapi. "Sikucheza, mama. Lori likipita, vumbi linaanguka."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu mara mbili. Ni mwanamume mpole, mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, na mara zote mbili aliniambia suala liko mezani. Niliiangalia meza yake. Palikuwa na thermosi, kengele na kikombe.

Kisha ikaja siku ya wazazi, ambayo kila mwaka mheshimiwa wa eneo letu huja kuhutubia. Kwa wiki mbili watoto walitolewa madarasani wakafundishwe wimbo wa kumsifu. Binti yangu aliujua ubeti wa nne wa wimbo ule kabla hajajua jedwali la kuzidisha kwa saba. Siku mbili kabla ya sherehe, mwalimu mkuu aliingia dukani akampa Mhariri kikaratasi kilichochanwa daftarini, akatoka haraka. Nilisikia kiti kikilalamika upande wa pili, halafu sauti yake.

"Wifi, unajua hotuba ya mheshimiwa huandikwa vipi? Sikiliza: 'Fungua ile ya mwaka jana, badilisha mwaka.' Ndivyo kikaratasi kinavyosema. Kila mwaka ndivyo kinavyosema."

Nikamuuliza kama darasa la tatu limetajwa humo. Akanisomea kwenye kompyuta: "Ukarabati wa darasa la tatu umekwisha kuanza, nao utakamilika kabla ya mvua."

Niliondoa mguu kwenye cherehani. "Hayo yaliandikwa lini mara ya kwanza?"

"Miaka sita iliyopita. Binti yako alikuwa hajaacha kunyonya."

Hapo damu ikanichemka, na nasema wazi, haikumchemkia mheshimiwa. Nilizunguka ubao nikasimama mbele yake. "Na wewe umeichapa miaka sita, umekaa kimya? Wewe unayewafutia vijana lugha ya tatu? Kijana anatafuta kibarua cha stoo unamvulia miwani, huyu anayetuwekea watoto chini ya ukuta unambadilishia mwaka tu?"

Sikuwa nimewahi kusema naye hivyo. Ni mkubwa wangu, na ni wifi. Alinitazama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake. Nilirudi kwenye sketi zangu. Baada ya muda nilimsikia akivuta droo, akitafuta flashi zake za zamani. Printa ikaanza kunguruma. Alichapa kwa herufi kubwa kama kawaida, kwa kuwa mheshimiwa haoni vizuri na hataki kuvaa miwani mbele za watu.

"Nimemchapia ile ya kwanza kabisa," akasema. "Ya miaka sita iliyopita, na mwaka wake, na kila kitu chake. Sikubadilisha hata nukta. Acha asimame aisome. Watu watasikia, wifi. Yeye mwenyewe atasikia."

Mwalimu mkuu alikuja akazichukua karatasi zikiwa bado na joto la printa, hakuziangalia. Mhariri alifurahi siku nzima, akaimba hata. Alikuwa amefanya kosa ambalo mtu wa karatasi tu ndiye anayeweza kulifanya: aliamini kwamba watu husikiliza kinachosomwa.

Siku ya sherehe tulikaa safu ya tano chini ya turubai, mimi na yeye, amejipaka poda na kushika mkoba wake kwa mikono miwili. Watoto walisimama juani tangu saa tatu. Mheshimiwa alifika saa sita kasoro, akaimbiwa beti zote, akapanda jukwaani akafunua karatasi. Aliutaja mwaka. Ulikuwa mwaka wa miaka sita iliyopita, aliutaja kwa sauti nzito, neno kwa neno, na mama mmoja mbele yetu akaitikia kwa kichwa. Akamshukuru mwalimu mkuu, "mama yetu mlezi wa shule hii." Mwalimu mkuu huyo wa kike alistaafu zamani, na hotuba za baadaye zilikwisha kumtoa. Mwalimu mkuu wa sasa alisimama na masharubu yake, akainama, akaketi. Walimu wote waliangalia viatu vyao. Wazazi walipiga makofi.

Kisha akafika penyewe. "Ukarabati wa darasa la tatu umeanza leo," akasema, kwa kuwa ile ya kwanza ilisema leo, kabla haijarekebishwa mwaka uliofuata, "na utakamilika kabla ya mvua." Darasa lenyewe lilikuwa nyuma yake, ukuta wa nyuma umefunikwa kwa kitambaa cha rangi za shule ili usionekane kwenye picha. Turubai zima likalipuka kwa makofi na vigelegele.

Mhariri alinigeukia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Hata mmoja," akasema polepole. "Wifi, hata mmoja." Halafu akaangalia mikono yangu.

Nilikuwa napiga makofi. Naapa sikujua nilianza saa ngapi. Nilijua hotuba ile ni ya mwaka gani, nilijua nani aliichapa na kwa nini, nilimgombeza wifi yangu kwa sababu yake, na mikono yangu ilikuwa inampigia makofi mtu anayesema uongo juu ya ukuta unaomwagia vumbi begani mwa binti yangu. Nimekaa na aibu nyingi maishani, lakini ile ilinichoma mpaka mifupani. Siku zote nilikuwa nawalaumu wakubwa. Kumbe wakubwa wanahitaji watu wa safu ya tano.

Jumatatu nilimshika binti yangu mkono mpaka mlangoni pa darasa la tatu, na hapo nikamwambia asiingie. Nilikuwa nimebeba kigoda cha dukani. Nilikiweka nje, chini ya bati linalochomoza, mahali anapoweza kumsikia mwalimu, na mimi nikaketi chini kando yake nikapinda nguo za watu kwa mkono. Mwalimu mkuu alikuja akaniambia naleta siasa shuleni. Nilimwambia siasa ilikuja Ijumaa na gari, mimi nimekuja na mtoto.

Jumanne tulikuwa wanane. Hatukuitana wala hatukufanya kikao. Mama mmoja alipita na mwanawe, akaniuliza kuna nini, nikamwambia apitishe mkono kwenye ufa. Aliupitisha mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaenda kutafuta mkeka. Kufika Alhamisi hapakuwa na mtoto ndani, na mwalimu wa darasa alikuwa ameusogeza ubao wake nje bila kumwomba mtu ruhusa.

Alhamisi hiyohiyo, alasiri, mwalimu mkuu aliingia dukani na barua aliyoiandika kwa mkono, ya kupeleka ofisi ya elimu. Nilikuwa nimerudi kwenye cherehani yangu, hakuniona. Mhariri aliisoma kwa sauti, makusudi, ili nisikie. Ilisema wanafunzi wa darasa la tatu wamekuwa watoro kutokana na uzembe wa wazazi wao na uchochezi wa mtu mmoja.

"Hii siichapi," akasema.

"Mama, wewe kazi yako ni kuchapa."

"Ndivyo nilivyojiambia miaka sita. Hotuba uliyompelekea mheshimiwa Ijumaa ilikuwa ya zamani, mwalimu. Nilikupa ya zamani makusudi."

"Najua," akasema. "Niliposhukuriwa kwa jina la mama nilijua."

"Ukainama."

Nilisikia kile kiti chenye waya kikimpokea. Alikuwa anaweza kuichukua barua yake akaipeleka kwingine, wachapaji hawajaisha duniani, lakini alikaa. Mhariri akazungumza tena, safari hii kwa upole nisioufahamu, sauti ile ambayo nadhani huitumia kwa wafiwa.

"Wewe pia unafundisha darasa la tatu, kila Jumatano, hesabu. Nimechapa ratiba yako. Ukiwa unafundisha mle ndani, unasimama wapi?"

Nilikata uzi niliokuwa nimeushika bila sababu.

"Mlangoni," akasema.

"Siku zote?"

"Sote. Walimu wote. Tunafundishia mlangoni."

"Basi nitachapa hivyo," akasema Mhariri, na nikasikia vidole vyake vikianza. Alikuwa anasema kila neno kabla ya kulichapa. Kwamba ukuta wa nyuma wa darasa la tatu umepasuka toka juu hadi chini. Kwamba hakuna ukarabati wowote uliowahi kuanza. Kwamba walimu, kwa kuhofia maisha yao, hufundisha wakiwa wamesimama mlangoni. Mwalimu mkuu hakumkatiza hata mara moja. Meza ya Mhariri ilikuwa imejaa makaratasi, hivyo alizunguka ubao kuja kutia sahihi kwenye meza yangu, na hapo ndipo akaniona.

Ningeweza kumshukuru. Sahihi ile itamgharimu, na alijua. Barua imekwenda, majibu hayajaja, na watoto bado wanasoma nje. Lakini nilipomwona ameinama na kalamu juu ya kitambaa changu, sikupata shukrani popote moyoni, na bado naitafuta. Nilimuuliza kitu kimoja tu. Watoto wanapopangwa mle ndani mwanzoni mwa mwaka, nani huamua nani akae safu ya ukutani.

"Mimi, mama," akasema. "Napanga mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni."